Dogo hawezi kutuliza mpira? Anza na mdomo wako wewe kocha

Kuna dogo mmoja pale uwanjani kwetu, ana miaka 11, kwa mguu wa kulia anapiga pasi safi kabisa ila ukimpa mpira kushoto ni kama umempa jiwe, unamgonga ugoko unatoka nje. Msimu mzima nilikuwa nasimama pembeni yake napayuka: kunja goti! geuza unyayo! kaza kifundo! shusha mabega! Na mtoto wa watu alikuwa anajitahidi kweli, anautazama mguu wake kama wa kuazima, mpira ndo hivyo unapita chini ya soli. Nikaanza kujiambia huyu basi, kushoto hamna kitu. Sasa siku moja nina mafua, sauti imekauka kabisa, nikachukua matairi mawili mabovu ya bodaboda nikayalaza mbele ya ukuta, katikati nimeacha nafasi ya mipira kama miwili, nikamwonyesha kwa kidole tu. Pale kati. Kwa kushoto. Mipira ya kwanza ikaenda kusikojulikana, wa sita hivi ukapita katikati, ukagonga ukuta ukarudi mbio, na kwa kuwa umerudi mbio ilibidi autulize, akautuliza. Kwa kushoto. Na habari ya goti hakuna aliyemwambia.

Niliwaza sana usiku ule maana mguu ulikuwa ule ule, mpira ule ule, kilichobadilika ni kwamba mimi nimenyamaza. Tangu hapo nimesoma soma, nimejaribu, nimekosea, na naandika hapa kwa ajili ya kocha wa mtaani, ticha wa michezo wa shule ya msingi, au mzazi mwenye mtoto na mpira mmoja. Mfano wangu ni kutuliza mpira na kupiga pasi kwa mguu mbovu, mwishoni nitagusa penati. Wa netiboli na kikapu nanyi mnaweza kuchukua, ubongo ni ule ule.

Vitu vya kuwa navyo

Vichache. Mpira wa saizi ya mtoto, yaani namba 4 kwa wa miaka 8 mpaka 12, namba 3 kwa wadogo zaidi, namba 5 waachie wakubwa, maana kuna watu wanampa mtoto wa miaka 7 mpira namba 5 alafu wanashangaa mbona hapigi danadana. Ukuta (omba ruhusa kwa mwenye nyumba, mi nimeshafukuzwa na bibi mmoja na alikuwa na haki, nyufa zilikuwa zimeanza). Chupa za maji zilizojazwa mchanga, matairi mabovu, kipande cha mkaa cha kuchora ukutani, kamba, na daftari. Daftari usilidharau.

Hatua ya 1: Safisha maneno yako kabla hujafika uwanjani

Hapa ndo penye kazi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kuna mtafiti Mjerumani anaitwa Gabriele Wulf, amefundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Nevada kule Las Vegas. Mwenyewe anasimulia kwamba wazo lilimjia akiwa majini, anajifunza kugeuza ule ubao wenye tanga. Akifikiria miguu yake na mikono yake, anaanguka. Akifikiria namna ubao unavyolala, anageuka vizuri. Mtu wa Nungwi aliyekulia kwenye ngalawa atamwambia hiyo mbona kawaida, lakini yeye akaenda kuipima. Mwaka 1998 yeye na wenzake wakatoa matokeo ya watu waliojifunza kwenye mashine ya kuigiza kuteleza kwenye theluji, na tofauti ya maelekezo ilikuwa karibu neno moja tu: kundi moja likaambiwa sukuma kwa mguu wa nje, jingine likaambiwa sukuma magurudumu ya nje, na hayo magurudumu yako chini ya miguu hiyo hiyo! Waliowaza magurudumu walijifunza vizuri zaidi. Baadaye, 2005, wakapima na mitupo huru ya kikapu, waliowaza ringi wakalenga vizuri kuliko waliowaza kifundo cha mkono, na tena misuli yao ilikuwa imetulia zaidi.

Sababu yenyewe ni hivi. Mwili una namna yake ya kujipanga, ukianza kuusimamia kiungo kwa kiungo unauzuia. Fikiria mama anayetoka kisimani na ndoo kichwani, hajaishika, anapiga stori na mwenzake. Sasa mwambie "hebu angalia shingo yako inavyofanya". Maji yatamwagika.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza, kaa na daftari, andika kila sentensi unayopenda kupiga kelele, alafu itoe kwenye mwili wa mtoto uipeleke kwenye mpira, kwenye shabaha, au kwenye mlio. Mimi zangu zilikuwa hivi:

- Badala ya "geuza unyayo, kaza kifundo", nasema "pitisha kati ya chupa, mpira utambae chini".
- Badala ya "legeza mguu ukiugusa", nachora duara kwenye mchanga, nasema "mpira ufie humo ndani". Wengine nawaambia "sitaki kuusikia", kwa sababu mpira uliotulizwa vizuri haupigi kelele, ule wa kugonga ugoko unasikika mpaka barabarani.
- Badala ya "inamisha kifua usipaishe", nafunga kamba kati ya nguzo mbili, urefu wa kiuno, "shuti lipite chini ya kamba".
- Badala ya "piga kwa pembeni ya kiatu", kwa krosi, nasimamisha fimbo, "mpira uizunguke fimbo, udondoke pale alipo mwenzio".

Ile ya mlio ndo inanifurahisha kuliko zote. Dogo akishaanza kusikiliza mpira, mguu unajilegeza wenyewe, mabega yanashuka yenyewe, na wewe umebaki umekaa kwenye tofali.

Kitu kingine, shabaha iwe moja tu. Ukimwambia pitisha kati, alafu chini, alafu kwa nguvu, alafu kimbia, kichwa chake kitashika la mwisho. Mi nina sheria, maelekezo yasizidi pumzi moja. Ikiisha pumzi, nanyamaza.

Hatua ya 2: Kwa mgeni kabisa, ruhusa ya neno moja la mwili

Hapa sitaki nikudanganye kwamba mwili usitajwe kabisa. Mtoto ambaye hajawahi kupiga pasi kwa upande wa ndani wa mguu hawezi kuiotea, mwonyeshe. Onyesha zaidi ya kueleza, mara tatu nne, polepole, alafu neno moja: "hapa ndo panagusa mpira", unapagusa na kidole au unapapaka chaki kwenye kiatu. Chaki ni nzuri kwa sababu inahamia kwenye mpira, na mtoto anaanza kuitafuta alama kwenye mpira badala ya kuchunguza mguu. Umeshamtoa mwilini bila yeye kujua.

Kuna jaribio la 2002 la Sian Beilock na wenzake, waliwapitisha watu kwenye koni na mpira mguuni. Wachezaji wazoefu wakiambiwa wafuatilie ni upande gani wa mguu unaogusa mpira, wakawa wazito, lakini wakipewa kazi nyingine ya kusikiliza maneno huku wanapiga chenga, hawakusumbuka. Wanaoanza ilikuwa kinyume, kufuatilia mguu kuliwasaidia. Na utamu wenyewe ni huu, wale wazoefu walipohamia mguu wa kushoto wakawa kama wanaoanza.

Mi naisoma hivi: mguu mbovu wa mtu mzima ni mtoto mdogo, mpe siku moja mbili za kuonyeshwa, alafu mpe shabaha. Kosa la makocha wengi, na mimi nikiwemo, ni kwamba tunabaki siku ya kwanza miezi sita.

Dalili kwamba umechelewa kumtoa: mtoto anaangalia miguu hata mpira ukiwa mbali. Au anakuuliza "kocha hivi?" kila baada ya mguso mmoja.

Hatua ya 3: Mwachie kitu achague

Mwaka 2016 Wulf na mwenzake Rebecca Lewthwaite waliunganisha mambo matatu: umakini uelekee nje ya mwili, mtu aamini kwamba anaweza, na awe na sauti kwenye anachofanya. Hilo la tatu watu wa huku tunalicheka, maana sisi tumelelewa na kocha mwenye filimbi na fimbo, mtoto achague nini? Lakini chaguo lenyewe linaweza kuwa dogo mno. Waliwahi kuwapa watu nafasi ya kuchagua rangi ya mpira wa gofu tu, na hata hilo likasaidia. Sasa niseme ukweli, wapo waliopitia upya tafiti za kuchagua wakasema faida yake ni ndogo kuliko ilivyotangazwa mwanzoni. Sawa. Mimi bado naitumia kwa sababu haina gharama, na kwa sababu naona sura za watoto.

Kwa vitendo: sema "leo kuna mageti mawili, la matairi na la chupa, unaanza na lipi?" au "tupige kumi au kumi na tano?" (watoto wanachagua kumi na tano, sijui kwa nini tunawaogopa) au "nikuangalie sasa hivi au ujaribu mwenyewe kwanza?" Usiulize "unataka kufanya mazoezi?" Hilo sio chaguo, umemfungulia mlango aende nyumbani.

Mageti yenyewe wapange wao. Utaona dogo analiweka geti jembamba kuliko ungeliweka wewe, alafu anabaki kupambana nalo mpaka giza linaingia.

Hatua ya 4: Ujue lini ufungue mdomo

Kocha wa mtaani anasahihisha kosa likitokea, hiyo ni kama sheria ya asili. Mpira umetoka, "we vipi!" Mpira umetulia, kimya, maana si ndo inavyotakiwa? Basi geuza.

Suzete Chiviacowsky wa Brazil na Wulf walifanya jaribio, 2007, watu wanarusha vifuko kwenye shabaha wasiyoiona. Kila baada ya mitupo sita wanapewa majibu ya mitatu. Kundi moja lilipewa ile mitatu bora, jingine ile mitatu mibovu. Siku iliyofuata, bila majibu yoyote, waliokuwa wanasikia ya mitupo mizuri ndo waliorusha vizuri zaidi. Na miaka mitano kabla walikuwa wameshaona kwamba mtu akiachiwa aombe majibu mwenyewe, anapenda kuyaomba akihisi kapatia. Ukitazama watoto utaliona hilo bila maabara: akipiga pasi nzuri anageuka kukuangalia. Akikosea anakimbilia mpira haraka haraka kabla hujasema kitu.

Kwa hiyo subiri ageuke. Akigeuka, mwambie kilichotokea kwa mpira, sio yeye ni nani. "Ule wa tatu ulifia kwenye duara, umeuona?" Hiyo inatosha. "We hatari, we Messi" inafurahisha kwa sekunde mbili lakini hajui arudie nini. Na kosa likijirudia mara tano sita, usimsahihishe mguu, badilisha zoezi. Sogeza geti karibu. Mpe mpira wa polepole. Ukimwona anapata kama sita saba katika kumi, mwache hapo hapo. Akipata kumi katika kumi, banisha geti.

Hiki cha mwisho nakirudia kwa sababu ndo kilichonisumbua mimi: mtoto anayekosa kila mara hana umakini, na sio kwamba ni mtukutu, ni kwamba hakuna kitu cha kutazamia. Yule anayeanza kurusha michanga na kuvuta bukta za wenzake, nenda kaangalie geti lake. Mara nyingi liko mbali mno. Au foleni ni ndefu, watoto kumi na wanne mpira mmoja, hapo hata mi ningerusha mchanga.

Hatua ya 5: Changanya, hata kama inaonekana vurugu

Mzazi akipita akakuta watoto wamepanga mstari, pasi hamsini za kushoto, wote sawa sawa, anafurahi, anaona kazi inafanyika. Akikuta mmoja anapiga pasi fupi, alafu ndefu, alafu anatuliza wa juu, alafu anarudi kulia, anaona fujo. Ila fujo hiyo ndo inabaki kichwani. Shea na Morgan walilionyesha hilo mwaka 1979, na kazi za mkono tu, za kuangusha vibao kwa mpangilio: waliorudia kitu kimoja kimoja walionekana wepesi siku ya mazoezi, waliochanganyiwa walionekana wazito, alafu walipopimwa siku kumi baadaye meza ikapinduka. Na mwaka kabla ya huo, Kerr na Booth waliwapa watoto vifuko walenge shabaha. Wengine wakafanya mazoezi futi 3 peke yake, wengine futi 2 na 4. Mtihani ukawekwa futi 3. Wa futi 2 na 4 wakashinda, mtihani wa umbali ambao hawakuufanyia mazoezi!

Namna yangu: matairi matatu, umbali tofauti, mtoto anasimama katikati, naita namba. Moja! Tatu! Moja! Mbili! Hajui itakuja ipi kwa hiyo lazima afikirie kila mpira upya, na kufikiria huko ndo kujifunza kwenyewe. Wiki ya kwanza kabisa ya mgeni usimfanyie hivi, atazama. Mpe kimoja mpaka apate ladha, alafu koroga.

Dakika kumi kumi zinatosha, alafu mechi ndogo. Bila mechi hawarudi kesho, hilo halihitaji profesa.

Hatua ya 6: Ongea na mzazi kuhusu buku na kuhusu neno kipaji

Kulikuwa na mzee mmoja mwenye roho nzuri kabisa, alikuwa anakuja na kiti chake, akamwahidi mtoto wake kila goli buku. Wiki mbili nzuri. Wiki ya tatu dogo hatoi pasi kwa mtu, yuko mwenyewe golini anangojea, na siku baba yake hakuja, akaniuliza, "kocha, leo tunacheza ya nini?" Nilihisi baridi.

Nikamfuata. "Shikamoo mzee. Samahani, ile buku..." Akacheka, "Mbona namtia moyo tu kijana wangu." Nikamwambia ampe, ila asimwahidi. Mnunulie soda baada ya mechi, akiwa hajui kama utamnunulia, na umwambie ni kwa sababu alirudi kukaba. Alikubali, kwa shingo upande kidogo.

Hili nalo lina historia. Mwaka 1973 Lepper, Greene na Nisbett waliwachukua watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora, wengine wakaahidiwa cheti chenye utepe wakichora, wengine wakapewa bila kutarajia, wengine hawakupewa. Baadaye wale walioahidiwa ndo waliopunguza kuchora wenyewe kwa hiari yao. Waliopewa kwa kushtukizwa hawakupungua. Cheti kile kile, kilichoua hamu ni ile ahadi.

Na neno kipaji. Tunalipenda mno. "Huyu ana kipaji, yule hana." Kuna utafiti wa 1991, Albert Bandura alikuwa mmoja wao, watu walijifunza kufuatisha kitu kinachozunguka. Walioambiwa ni uwezo wa kuzaliwa nao walisonga kidogo, walioambiwa ni ujuzi unaopatikana kwa mazoezi walisonga zaidi na wakapenda zoezi. Kwa hiyo ukimwambia mtoto ana kipaji umemnyima sababu ya kujaribu kitu anachoweza kukosea, na mwenzake aliyesimama pembeni akasikia kwamba yeye hana, umemnyima pia, kwa sentensi moja. Mi siku hizi nasema "umeshaupata" au "bado kidogo". Neno "bado" kwa Kiswahili ni tamu, lina mlango ndani yake.

Hatua ya 7: Penati, pale ambapo umakini unakimbia

Hapa wa Simba na wa Yanga tukae benchi moja, hakuna wa kumcheka mwenzake. Simba walitolewa na Wydad kwa penati kule Casablanca Aprili 2023, mwaka uliofuata Aprili hiyo hiyo Yanga wakatolewa na Mamelodi kwa penati Pretoria. Sasa kama hao wanaolala kambini mkwaju unawakataa, mtoto wako wa mtaani usimwambie "piga tu".

Penati ni mita 11, goli ni mita 7.32 kwa 2.44. Mpigaji hana shida ya nafasi, shida iko machoni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter walionyesha mwaka 2009 kwamba mpigaji akiingiwa na wasiwasi, macho yanamkimbilia kipa mapema na yanakaa kwake muda mrefu, na mpira unafuata macho, unaenda karibu na katikati pale pale kipa anapoufikia. Waholanzi nao, 2006, wakaona kwamba ukimwambia mtu "usimpigie kipa" ndo kwanza anamtazama kipa. Kwa hiyo ile sentensi yetu maarufu, "usimpe kipa mkononi!", tunamsaidia kipa.

Fanya hivi. Funga vitambaa viwili kwenye kona za chini za goli, rangi tofauti. Kabla hajaenda kwenye mpira, mtoto achague kitambaa, mwenyewe, asikuambie. Aweke mpira, arudi nyuma, akitazame kitambaa mpaka ahesabu moja, mbili, alafu atazame mpira, apige. Filimbi ikilia asikimbilie. Geir Jordet wa Norway, ambaye amechambua penati za Kombe la Dunia, Ulaya na Ligi ya Mabingwa, aliona wanaopiga mara tu filimbi ikilia wanakosa zaidi kuliko wanaovuta muda kidogo. Na akaona kitu kingine kinachoshangaza: mpigaji akijua akifunga timu imeshinda, wanafunga zaidi ya 90 katika 100, akijua akikosa timu imetoka, inashuka mpaka kama 60. Mguu ule ule.

Kwa hiyo mazoezini nawapa sentensi ya upande wa kwanza. "Ukifunga tunaenda kunywa maji", sio "ukikosa mnakimbia raundi tano". Kwa wa chini ya miaka 12 sogeza alama iwe mita 7 au 8, wapate kuona wavu unatikisika. Alafu siku moja moja walete wenzake wote wampigie kelele akiwa anapiga, presha nayo inafanyiwa mazoezi.

Hatua ya 8: Pima siku nyingine

Ukimpima mtoto mwisho wa zoezi utajidanganya, pale mguu bado una moto. Pima mwanzo wa siku inayofuata, kabla ya kupasha sana, mipira kumi, geti lile lile, mdomo umefunga. Andika namba kwenye daftari, tarehe na mguu, basi. Sisi tunafanya Jumanne na Ijumaa. Namba zitapanda na kushuka, usimwonyeshe kila wiki, mwonyeshe ukiwa umeshakusanya kama mwezi, na anzia na kurasa za nyuma aone alikotoka.

Dogo wangu wa kushoto, Jumanne ya kwanza alipata mbili katika kumi. Jumanne ya nane, saba. Kisha nikakosea mimi, nikaanza tena kumwambia habari ya kifundo kwa sababu niliona anakaribia na nikataka nimmalizie, akashuka nne. Nikanyamaza.

Wiki iliyopita alinikuta nayaburuza matairi kuelekea ukutani, akaniambia, "Kocha acha, leo naweka mwenyewe." Akayasogeza mpaka mpira ukawa unapita kwa shida, unasugua mpira wa tairi pande zote mbili, alafu akarudi nyuma hatua kumi na mbili, alizihesabu kwa sauti. Katika kumi alipitisha mitatu. Nikamwandikia tatu. Akachungulia daftari, akasema niandike na hatua pia, kumi na mbili, ili wasije wakasema alikuwa karibu.